Mdudu Aliyekataa Rangi Mbili

Jina la nchi yetu sitalitaja, kwa sababu sheria inataka litajwe mtu akiwa amesimama wima, nami naandika nikiwa nimeketi. Itoshe kusema ni nchi nzuri. Ina mlima, ina ziwa, na ina Waziri wa Afya na Bendera. Msishangae mambo hayo mawili kuwekwa chini ya mtu mmoja. Kwetu sisi ni kitu kimoja.

Ilianza hivi. Mwasisi wa taifa, kabla hajawa mwasisi, aliugua ugonjwa ambao vitabu vya historia havikuutaja, ila wazee wa rika lake wakiulizwa huangalia chini na kucheka kwa pua. Akapewa vile vidonge vyenye nusu nyekundu na nusu njano, ambavyo kila mtu anavijua kwa jina la Rangi Mbili. Akapona. Kwa furaha akaapa kwamba siku akipata nchi, ataivika rangi hizo. Akapata nchi. Bendera yetu basi ni nyekundu upande mmoja na njano upande wa pili, na wageni wanaodhani nyekundu ni damu ya mashujaa na njano ni dhahabu yetu, tunawaacha wadhani.

Tangu hapo kumeza Rangi Mbili si kutibiwa, ni kula kiapo. Sikukuu ya Taifa kila raia humeza kimoja uwanjani, mbele ya Rais. Bwana harusi humeza kimoja na bibi harusi kimoja, ndipo ndoa inatimia. Mtu akipata mafua anameza. Akiota ndoto mbaya anameza, timu yake ikifungwa anameza. Kuku wetu tunawachanganyia kwenye pumba ili watage mayai ya kizalendo. Na tukikutana njiani hatuulizani habari za asubuhi kama watu wasio na nchi. Mmoja husema, "Umeshameza?" na mwenzake hujibu, "Nimemeza, na maji juu."

Zuri kuliko yote ni kwamba hatumalizi dozi. Kumaliza dozi peke yako kwetu ni uchoyo. Mtoto anafundishwa tangu chekechea kwamba akimeza viwili na homa ikashuka, vilivyobaki ampelekee jirani, na jirani akipata nafuu naye ampelekee wa nyumba ya pili. Hii inaitwa Dozi ya Ujirani Mwema, na ina wimbo wake. Wataalamu fulani walikuja kutoka nje kutuambia kwamba huko ni kuwapa wadudu mazoezi ya vita bila kuwaua. Tukawapigia ngoma, tukawapa kidonge kimoja kimoja, tukawasindikiza uwanja wa ndege.

Haya nayajua kwa karibu kwa sababu mimi ni mpiga matoazi wa Bendi ya Taifa. Kazi yangu ni kugonganisha yale masahani ya shaba kila kiongozi anapomaliza sentensi nzito. Ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani, maana sentensi za viongozi wetu zina mwanzo mkubwa, halafu mwisho wake hata wao wanautafuta.

*

Aliyesimama kuliani kwangu katika bendi alikuwa Ngwali, mpiga tarumbeta. Mtu mpole, mcheshi, mwenye mashavu kama maandazi. Wimbo wetu wa taifa kila anayetawala anauongezea beti za kwake, na Ngwali alikuwa akizipuliza zote bila kupumzika, kwa kuwa kupumzika katikati ya wimbo ni kuonyesha mashaka. Siku moja, kwenye ubeti unaosifu mashemeji wa Rais, ngiri ikamshuka. Tukambeba mpaka Hospitali Kuu ya Bendera.

Akapasuliwa na Daktari Tindwa, mama mmoja mwembamba asiye na maneno mengi. Kazi ilikwenda vizuri, ngiri ikarudi mahali pake, kidonda kikashonwa kwa nyuzi safi. Tukaambiwa Ngwali atarudi bendini kabla ya sikukuu. Basi nikaenda kumjulia hali nikiwa na machungwa na furaha yangu.

Mlangoni nilimkuta mkewe, Sikitu. Huyu ni fundi cherehani, mwanamke anayeweza kukutazama tu akakata suti yako bila kipimo.

"Shemeji, hebu njoo unuse," aliniambia hata kabla ya salamu. "Mimi labda pua yangu ina uoga."

Nikainama, nikanusa. Pua yake haikuwa na uoga wowote. Kidonda kilikuwa kimevimba, kimeiva wekundu, na katikati kinatoa usaha wa njano. Nesi mmoja alipita na sinia lake, akaziona rangi hizo mbili pale tumboni kwa mgonjwa, akasimama, akapiga saluti, akaendelea na safari.

"Kitwana," aliniita Ngwali. Midomo ilikuwa imemkauka. "Tarumbeta langu kalishika nani?"

"Mpwa wa mkuu wa bendi."

"Anajua kupuliza?"

"Anamjua mjomba wake."

Ngwali akacheka, halafu akajishika tumbo, na machozi yakamtoka. Sikitu akayafuta kwa upindo wa kanga.

Walikuwa wanampa Rangi Mbili asubuhi, mchana na jioni, na homa haikuwa na habari nayo. Majirani wote walikuwa wameshaleta dozi zao za ujirani mwema, zimejaa bakuli zima kando ya kitanda. "Anameza kuliko kuku," alisema Sikitu. "Lakini naona kinachonenepa ni kidonda."

*

Daktari Tindwa alichukua usaha akaupeleka maabara uoteshwe. Majibu yalipotoka alituita mimi na Sikitu, akatuonyesha kisahani cha kioo. Ndani yake wadudu walikuwa wameota kama utando wa maziwa yaliyolala, na juu yao vimewekwa vipande vidogo vya karatasi vilivyolowekwa dawa mbalimbali.

"Hii hapa ni Rangi Mbili," alisema akinyoosha kidole. Wadudu walikuwa wameizunguka kwa raha zao, wengine wamepanda juu yake. "Wameizoea, wamekuwa sugu. Wameilamba tangu kwenye mayai tunayokula. Na hii ya pembeni ni sindano ya unga mweupe. Unaona palivyo peupe? Hapo hakuna aliyebaki."

"Na hiyo sindano ipo?" aliuliza Sikitu.

"Ipo. Iko kwenye jokofu la stoo, mwisho wa korido hii."

"Basi mchome, daktari."

Daktari Tindwa akakuna kichwa. "Kuna tatizo la rangi," alisema.

Nikakumbuka. Sheria yetu inasema dawa isiyo na rangi mbili haiingii mwilini mwa raia bila kibali cha Waziri, na nyeupe ni mbaya kuliko zote kwa sababu ndiyo rangi ya kusalimu amri. Ufunguo wa stoo anao Afisa Utii wa hospitali, bwana mmoja aitwaye Shomvi, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya pazia muda wote huo kwa sababu ndipo ofisi yake ilipo.

"Daktari," alisema Shomvi akijitokeza. "Nimesikia umesema Rangi Mbili imezoeleka. Ulitaka kusema imeshindwa?"

"Imeshindwa," alisema Daktari Tindwa.

Shomvi akafumba macho kama mtu aliyekanyagwa. Akatoka kwenda kupiga simu. Alipopita karibu yangu nilimsikia akinong'ona, "Tarumbeta lote lile, kumbe tumboni kalea waasi."

*

Waziri wa Afya na Bendera, Mheshimiwa Makeke, alikuja yeye mwenyewe, na akija yeye inakuja bendi. Tulijipanga katikati ya vitanda, ngoma kubwa ikiwa imeegemea dripu ya mgonjwa mmoja aliyekatwa mguu. Sabuni yote ya hospitali ilikuwa imetumika kuoshea ngazi za kumpokea, kwa hiyo manesi walikuwa wakitoka kidonda hiki kwenda kile na mikono yao vile vile. Wadudu nao ni wenzetu wa nchi moja, wamejifunza ujirani mwema. Mama aliyejifungua kwa upasuaji kitanda cha pili alikuwa ameanza kutetemeka kwa homa, na yule aliyekatwa mguu pia.

Waziri akaletewa kisahani cha kioo juu ya mto wa velveti. Akavaa miwani, akakiinamia.

"Wewe mdudu," alianza. "Umezaliwa katika ardhi hii. Umelelewa na nchi hii. Umekula raia wetu bila ubaguzi wa kabila wala dini." Nikagonga matoazi. "Nchi imekulisha Rangi Mbili tangu utoto wako, na leo unaikataa? Nani yuko nyuma yako?" Nikagonga. Mdudu hakujibu. "Serikali hii ni sikivu. Inakupa mpaka Ijumaa baada ya sala ujisalimishe. Atakayetoka kwa hiari yake atasamehewa, na atapewa kiwanja."

Akaagiza kipaza sauti kisogezwe kwenye kidonda chenyewe, ili ujumbe uwafikie hata walioko ndani ndani. Shomvi akakisogeza mpaka kikagusa. Ngwali akauma meno. Uwanja mzima wa hospitali ukasikia maumivu yake kwa spika nne, na watu waliokuwa nje, wakidhani ni salamu, wakapiga makofi.

Hapo Sikitu akapiga magoti. "Mheshimiwa, naomba radhi. Sindano iko hapo mwisho wa korido. Mruhusu daktari amchome tu, baba, homa itammaliza."

Waziri akamtazama kwa huruma ya mtu aliyeshiba. "Mama, unataka mumeo apone kama nani? Kama mzalendo, au kama mtu tu?"

"Kama mtu tu, Mheshimiwa."

Waziri akavua miwani.

"Ndiyo maana mnapata wadudu," alisema. Nami, kwa kuwa sentensi ilikuwa imekwisha, nikagonga.

*

Nisimwonee Waziri. Aliunda kamati. Ilikuwa na majenerali, machifu, na mtaalamu mmoja wa rangi za nyumba, na kazi yake ilikuwa kutafuta namna sindano nyeupe itakavyokuwa ya rangi mbili. Wajumbe walipendekeza rangi ichanganywe humo humo kwenye dawa. Daktari Tindwa akawaambia kwamba mgonjwa atakufa. Wakamshukuru kwa mchango wake, wakamtoa nje. Baadaye wakakubaliana kupaka bomba la sindano, ndipo ukazuka mgogoro juu ya rangi gani ikae upande wa ncha. Wa nyekundu walisema nyekundu ndiyo huingia vitani kwanza. Wa njano walisema hayo ni matusi. Wakavunja kikao mara mbili na kurushiana vikombe.

Ijumaa ikafika, sala ikaswaliwa, mdudu hakutoka. Redio ikatangaza kwamba mazungumzo yanaendelea katika hali ya maelewano. Mama wa upasuaji alifariki adhuhuri hiyo, akaacha kichanga, na taarifa ikasema amehama makazi. Ngwali alikuwa ameanza kuzungumza na watu wasiokuwepo. Alikuwa akiwahesabia beti, akiwaambia wasipumzike.

Sikitu alimtazama kwa muda mrefu. Halafu akatoka, akaenda nyumbani kwake kwenye cherehani, na aliporudi alikuwa na kitu kimekunjwa ndani ya leso. Kilikuwa kifuko kidogo cha kitambaa, upana wa kidole, kimeshonwa kwa ufundi hata mshono hauonekani. Nusu nyekundu, nusu njano, rangi zimekwenda sambamba kwa urefu, hata isiwepo ya kutangulia.

"Shati la sindano," alisema. "Ikivaa hili, ni ya rangi mbili. Nani atabisha?"

Daktari Tindwa alikigeuza geuza mkononi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka, na alicheka mpaka akakaa kitini. "Dada yangu, wewe ungekuwa waziri tungepona wote," alisema. Akatushika mikono, tukaenda watatu mpaka kwa Shomvi kuomba ufunguo. Nakumbuka nilikuwa natembea kwa furaha ya kijinga. Niliona Ngwali amepona.

Shomvi alikitazama kifuko kwenye mwanga. Akakinusa. Akatoa sampuli ya kitambaa rasmi mfukoni, akalinganisha.

"Njano hii ina kama manjano ya pilau," alisema. "Njano ya taifa haina pilau. Na pili, mama, nani amekupa ruhusa ya kushona bendera?"

"Si bendera, kaka yangu. Ni kifuko."

"Chenye rangi za bendera?"

"Ndiyo."

"Basi ni bendera, na unataka kuipitishia sindano. Yaani kuichoma." Akaita askari. Sikitu akachukuliwa kwa kosa la kutaka kuichoma bendera ya taifa, na askari wawili, wakubwa kwa umbo, walikaza macho wasimtazame alipokuwa akilia kwamba mumewe atakufa. Daktari Tindwa aliurukia ufunguo kwa mikono yake mwenyewe. Nilimwona. Walimsukuma ukutani, miwani yake ikapasuka, na Shomvi akautia ufunguo mdomoni akaufungia humo kama mtoto mwenye peremende.

*

Kifuko kilipelekwa mbele ya kamati kama kielelezo cha kosa. Kamati ilikitazama, ikatazamana, halafu ikatoa taarifa kwamba baada ya utafiti wa kina imebuni vazi la sindano. Kiwanda cha jeshi kikashona la kwake, kubwa zaidi, lenye vishada. Sikitu akaachiwa kwa msamaha wa Rais, ili ahudhurie uzinduzi wa ubunifu wa taifa.

Uzinduzi ulifanyika Jumatatu, wodini. Yule aliyekatwa mguu hakuwepo tena, kitanda chake walikuwa wamekalia waandishi wa habari. Sindano ilikuwa imelala juu ya mto wa velveti, imevaa, na kando yake amesimama Daktari Tindwa na miwani ya upande mmoja, mkono wake umeshanyooshwa nusu. Ngwali alikuwa amekuwa rangi ya majivu. Sikitu alikaa chini, amemshika miguu yote miwili, amemwekea shavu kwenye nyayo.

"Mheshimiwa, tafadhali, nimchome kwanza," alisema Daktari Tindwa. "Hotuba itafuata."

"Daktari, hotuba ndiyo inayoifanya iwe dawa," alisema Waziri, na akaanza. Akaanza na Mwasisi. Akapita vita vya ukombozi, ambavyo kwetu havikuwepo lakini hutajwa. Akafika kwenye reli. Mimi nilikuwa simsikilizi, nilikuwa naangalia kifua cha rafiki yangu kikipanda na kushuka, kikipanda, na kushuka, na kati ya kushuka na kupanda nafasi ilikuwa inarefuka. Waziri aliposema neno "hatimaye", kifua kilishuka kikabaki huko.

Sikitu ndiye aliyejua kabla ya daktari. Hakupiga kelele. Aliinua uso, akasema, "Miguu imepoa."

"Mheshimiwa," alisema Daktari Tindwa, "amekata roho."

"Na hatimaye," alisema Waziri, kwa kuwa sentensi yake ilikuwa bado, "tunaweza kujivunia kwamba hakuna raia wa nchi hii atakayekosa tiba kwa sababu ya rangi."

Mkuu wa bendi akanikazia macho. Nikagonga matoazi, na machozi yalikuwa yananishuka mpaka shingoni, na kama moyo wa mtu unaweza kuchacha basi wangu ulichacha pale pale. Halafu wakamchoma. Naam, wakamchoma hivyo hivyo, kwa sababu wapiga picha walikuwa wameshapanga taa. Daktari Tindwa alikataa, basi sindano akaishika Waziri mwenyewe. Kesho yake magazeti yaliandika kwamba sindano ya kwanza ya rangi mbili imetolewa kwa mafanikio, na kwamba mgonjwa hakulalamika maumivu.

*

Msibani walileta turubai la serikali, viti vya serikali na waombolezaji kadhaa wa serikali. Waziri alikuwa na uzinduzi mwingine, akamtuma Mkuu wa Wilaya, kijana mwenye suti inayombana na redio ya upepo mkononi. Jeneza lilifunikwa bendera. Mkuu wa Wilaya akasoma salamu za rambirambi zilizosema kwamba marehemu alifariki baada ya kupona. Kisha, kama desturi yetu ilivyo kabla mwili haujatoka, ikaletwa sahani kubwa ya Rangi Mbili izunguke, kila mmoja achukue kimoja ameze kwa heshima ya marehemu na taifa.

"Kabla ya hapo," alisema Mkuu wa Wilaya, "mjane atasema maneno mawili ya shukrani."

Wanawake wakamwinua Sikitu. Alisimama na kaniki yake, akaushika mlingoti wa turubai. Hakulia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemweleza mteja kwa nini kitambaa hakikutosha.

"Nashukuru," alisema. "Mume wangu alikuwa mtiifu. Mlimwambia apulize, akapuliza mpaka akapasuka. Mlimwambia ameze, akameza, hakutema hata kimoja. Mlimwambia angoje, akangoja. Humo tumboni mwake alikuwemo mmoja tu aliyewakatalia. Mlimpa siku, akakataa. Mlimpa msamaha, akakataa. Mlimpa hata kiwanja. Leo namzika mtiifu. Yule aliyekataa yu mzima, hajambo, na sijasikia kuna aliyemfanya kitu."

Akakaa.

Mkuu wa Wilaya akacheka kidogo, akapiga makofi mawili, akaona hakuna wa tatu. Akaashiria sahani izunguke. Ikaanza kwa wazee. Mzee wa kwanza akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama, akampa wa pili wake. Wa pili akampa wa tatu. Ikaingia kwa wanawake, wakaipitisha juu ya vichwa vya watoto. Ikafika kwa bendi. Mpiga ngoma akanipa mimi, nami nikampa yule mpwa wa mkuu wa bendi, naye akaipitisha. Ilisikika ile sahani tu ikibadilisha mikono, na vidonge vikigongana ndani yake.

Ikarudi mbele imejaa.

Mkuu wa Wilaya aliitazama muda mrefu. Akatutazama sisi, akaitazama tena. Halafu akarudi nyuma hatua chache, akatugeuzia mgongo, akaibonyeza redio yake.

"Mheshimiwa," alisema kwa sauti ya chini, lakini sisi wa mbele tulimsikia. "Ule usugu, Mheshimiwa. Umeingia kwa watu."